Waliingia Wawili, Akatoka Mmoja

Jumapili, 2 Machi

Dada Hepi kasema niandike. "Kila siku, Gudi, hata mstari mmoja. Nikitoka nisome yaliyonipita." Nikamwambia mimi dereva wa bodaboda, si karani wa kata. Akasema kidato cha pili nilifika, kwa hiyo mkono ninao. Ninao kweli. Shule niliiacha mimi, haikuniacha yenyewe, na mwandiko wangu mwalimu aliusifu mbele ya darasa zima kabla hajanichapa kwa mambo mengine.

Kama daftari hili litaokotwa na mtu baki, ajue haya: naitwa Goodluck, miaka kumi na tisa, dereva mwenye mikono mizuri kuliko wote Kilosa mjini. Nakaa Rudewa na Bibi Katarina. Happiness ni dada yangu wa pekee, kanilea tangu mama afariki. Mwezi wa kwanza kafungwa mwaka mmoja, gereza la shamba la Lukwambe, kwa kumkata panga ng'ombe wa Telele. Ng'ombe huyo aliingia kwenye mahindi yetu na wenzake arobaini. Mahindi hayakupelekwa mahakamani. Ng'ombe ndiye aliyesikilizwa.

Leo nilikwenda kumwona. Afande wa kike wa zamu anaitwa Tumwagile, mrefu, mkavu, uso kama amekunywa mwarobaini. Kauvunja ugali wa Bibi vipande vipande, sijui alikuwa anatafuta bastola. Nikamwambia, "Afande, ukikuta nyama nigawie, mimi nimeitafuta tangu nyumbani sijaiona." Hakucheka. Mtu asiyecheka namna ile ana lake jambo.

Jumatatu, 3 Machi

Mvua. Abiria wanne, mmoja kanitapikia mgongoni.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimempakia mtu mkubwa. Sajini Onesphory, wa huko huko Lukwambe. Alikuwa stendi ananyeshewa, wenzangu wote wanaogopa ile njia ikilowa. Mimi nikamwambia, "Panda mkuu, na kofia ishike, usije ukasema Goodluck kakuibia." Nimemfikisha suruali kavu. Tumecheka njia nzima. Nikamwambia dada yangu yuko kwako ndani, anaitwa Happiness. Akasema, "Yule mweupe mweupe, mwenye mwanya? Ah, kumbe wewe shemeji yangu!" Nikamjibu, "Shemeji, lipa nauli basi." Huyu ndiye mtu. Siyo yule mama mwarobaini.

Jumapili, 9 Machi

Bibi alinipa jogoo mwekundu. Kwetu ndivyo tunavyofanya: mtoto akienda bweni, mgonjwa akilazwa, unamtafuta mmoja wa pale ndani, unamkabidhi mtu wako kwa mdomo, mkono mtupu hauendi. Bibi alinikaririsha maneno kabisa. "Usiseme 'msaidie'. Kila mtu husema msaidie. Sema 'nakukabidhi, yuko mikononi mwako.' Hapo ameshabeba."

Nikaenda mpaka kota za maaskari, nyumba namba nane. Nikasema vile vile. Sajini alikuwa na kandambili na fulana, akacheka mpaka machozi.

"Shemeji, umeniletea na jogoo kabisa? Hii si ndiyo mahari?"

"Mahari ya kwetu nzito, mkuu. Huyo wa kufungulia mlango tu."

Alinipigia saluti. Mimi, Goodluck, nimepigiwa saluti na sajini. Wapo wanaoendesha miaka kumi hawajapigiwa hata honi.

Jumatano, 12 Machi

Habari njema. Sajini kanipigia simu mwenyewe: dada katolewa palizi, sasa anachota maji ya kota na mwenzake mmoja. Kazi ya kivulini. Bibi kaimba wimbo wa kanisani akipepeta mchele. Mimi nikasema, "Bibi, mjini kuna kujuana." Akasema, "Na jogoo wangu je?" Haya, na jogoo wako.

Jumapili, 16 Machi

Dada hakuwa na furaha niliyoitegemea. Alikaa upande wa pili wa wavu, mikono kaibana katikati ya magoti. Nikamuuliza maji mazito? Kanitazama.

"Ulimwambia nini Sajini?"

"Nilikukabidhi kwake. Kwa heshima zote. Na jogoo."

"Ulisema hivyo? 'Nakukabidhi'?"

"Neno kwa neno. Bibi kanifundisha."

Yule Tumwagile alikuwa amesimama nyuma yake, kaangalia ukutani kama kuna kalenda, na kalenda haipo. Nilitaka kuuliza zaidi, akasema muda umeisha. Saa yangu ilisema bado dakika kumi. Saa yangu ya Kichina lakini haidanganyi kiasi hicho.

Huyu mwanamke anamtesa dada. Naandika hapa ili ijulikane.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Mahindi yamefika magotini.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Nyani wamekula mistari miwili. Bibi kawatukana kwa Kisagara, wakakaa kumsikiliza.

Jumamosi, 29 Machi

Huyu Nasieku ana roho ngumu. Ni mke wa Telele, yule yule mwenye ng'ombe. Kila asubuhi anapeleka maziwa kota za Lukwambe. Leo nimemshusha Sajini pale, nageuza pikipiki, chuma changu, mama huyo akasimama mbele yangu na kibuyu chake, akangoja nimwamkie. Sikumwamkia. Shikamoo yangu siimwagi ovyo.

Akasema mwenyewe: "Wewe ndugu ya yule wa panga."

"Ndiye. Na ninyi ndio mliomfunga."

"Mume wangu alifunga. Mimi nauza maziwa." Akasogea. "Pale namba nane. Wale wa maji wanaingia wawili, anatoka mmoja. Mlango unafungwa. Mimi nahesabu."

"Unahesabu watu kama ng'ombe?"

"Nahesabu kila kinachopita mlangoni. Nimezaliwa hivyo. Anayebaki ni dada yako."

Nikamwambia anasafisha nyumba, akalale na fitina zake. Nikawasha chuma na matope yakamrukia kwenye shuka. Nilifurahi yalivyomrukia. Watu hawa wamemfunga, sasa wanataka nigombane na mtu pekee anayemsaidia. Mimi si wa kuchezewa hivyo.

Jumapili, 30 Machi

Dada kakataa kutoka kuonana. Tumwagile kaja mlangoni peke yake: "Anasema kichwa kinamuuma." Nikasema, "Afande, hicho kichwa nani kakiuma?" Kanitazama kama anataka kusema kitu, midomo imefunguka kabisa. Sajini akapita nyuma yetu akipiga mluzi. Midomo ikafungwa.

Nimerudi na chakula chote. Nimekula njiani kwa hasira.

Jumatatu, 31 Machi

Nimelala nawaza ule mluzi. Si kitu. Mtu ana haki ya kupiga mluzi.

Ijumaa, 4 Aprili

Nilimuuliza Sajini njiani, kwa utani utani, "Mkuu, dada yangu kanuna nini?" Akasema, "Wanawake, shemeji. Ukimpa kivuli anataka na feni." Nikacheka. Baadaye stendi nilijaribu kuwasimulia wenzangu, nikaona hakichekeshi. Kwa nini aseme vile kuhusu mfungwa wake?

Halafu nikakumbuka kingine. Kila akinipa nauli hukataa nirudishe chenji. Nilidhani ananipenda.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua ya mawe. Hakuna abiria. Sikuandika siku nne, dada utanisamehe, sikuwa na cha kujisifia.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Dada katoka. Amekonda, ule mwanya wake umekuwa mkubwa usoni. Bibi tulikwenda naye, kavaa gauni jeupe na kitambaa cha umoja wa akina mama, akasali kwenye wavu kwa sauti mpaka wafungwa wengine wakaitika amina. Bibi alipokwenda kumshukuru Sajini (ndiyo, kamshukuru, kampigia na magoti), dada akaniegemea karibu.

"Gudi, usimpakie tena yule."

"Nani?"

"Unajua nani."

"Kakufanya nini?"

"Muda umeisha," akasema Tumwagile. Mapema tena. Nikanyanyuka kumtukana, nikaona kidevu chake kinatetemeka, na macho yake hayako kwangu. Yako kwa Sajini, pale anaposhukuriwa.

Nimerudi na mawili kichwani. Ama hawa wawili wanashirikiana, ama mmoja anamwogopa mwenzake. Sijui ni nani kati yao ni wa kuogopwa.

Jumatatu, 21 Aprili

Sajini kapiga simu mara tatu. Nimesema chuma kibovu.

Jumanne, 29 Aprili

Naandika leo kwa kirefu na kwa aibu, ila aibu yenyewe sijui nimeitoa wapi.

Sajini kaja mpaka kijiweni. Hakuwa na sare. "Shemeji, umenikimbia?" Mbele ya wenzangu wote, mkono begani. Kasema ana vidonda vya tumbo, kuna dawa, haipatikani Kilosa, iko duka moja Mikumi, kaliandika jina kwenye karatasi. Niende, nirudi leo. Mafuta kajaza yeye.

Nilitakiwa kukataa. Dada alisema nisimpakie. Nikajiambia hakusema nisimtumikie. Na wenzangu walikuwa wanasikiliza, mmoja akasema, "Njia ya Mikumi na mvua hii, Gudi? Utarudi na jeneza." Basi. Mtu akiniambia hivyo mimi nimeshaondoka.

Nilipita kijiji cha Ulaya matope yanafika kwenye injini. Zombo nilisukuma. Nimefika Mikumi saa saba, nyani wa barabara kuu wananicheka. Muuza duka, kijana ana miwani, kaisoma ile karatasi, kanitazama, kaikunja isionekane na wateja.

"Ni ya mkeo?"

"Ya mkubwa mmoja, ana vidonda."

"Vidonda." Akatabasamu kwa upande mmoja. "Mwambie huyo mkubwa, anayemeza asiwe peke yake. Damu ikizidi awahi hospitali."

Nikasema nitamwambia. Nikacheka naye, mwanaume na mwanaume, kama nimeelewa. Kumbe sikuelewa, nilicheka tu. Nilirudi Lukwambe kabla giza halijaingia na hakuna dereva mwingine angeweza. Nikamkabidhi mkononi. Hakuuliza njia ilikuwaje.

Kilosa yapo maduka ya dawa zaidi ya sita. Kwa nini Mikumi?

Jumatano, 30 Aprili

Kwa nini Mikumi?

Jumamosi, 3 Mei

Tumwagile kaja kijiweni. Nilimpita mara mbili sikumjua, kavaa kanga na kandambili, bila kofia ni mama wa kawaida tu, kama shangazi wa mtu. Kasema, "Goodluck, nipeleke hospitali." Nikafikiri anaumwa yeye. Tulipofika getini, akashuka na hakuniangalia.

"Dada yako yuko wodi ya wanawake tangu usiku wa juzi. Ametoka damu nyingi. Amevuka. Mimi sijaja, hujaniona, nauli hii hapa."

Nilibaki nimeshika ile noti. Sikujua niipeleke wapi.

Dada alikuwa kitanda cha mwisho, ukutani, mguu mmoja umefungwa pingu na chuma cha kitanda. Askari mwingine wa kike kasinzia kwenye kiti. Nesi, mama mnene wa huruma, kanivuta pembeni. Akaniuliza mimi nani. Nikasema ndugu. Akasema mimba ilikuwa changa, imetoka, na haikutoka yenyewe. "Kuna dawa amepewa. Zile za vidonda vya tumbo, watu huzitumia vibaya."

Nesi aliendelea kusema, mimi sikusikia. Nilikuwa niko Zombo nasukuma chuma. Nilikuwa Mikumi nacheka na kijana wa miwani.

Kafungwa mwezi wa kwanza, na sasa ni mwezi wa tano. Wanaume hawaingii upande ule. Mimba imeingilia mlango upi? Nasieku aliniambia mlango. Aliniambia na namba. Nami nikamrushia matope.

Nilirudi kitandani. Dada macho yako wazi.

"Ni yeye?"

Akageuzia uso ukutani.

"Dada, ni yeye?"

"Siku ya kwanza nilimwambia nitapiga kelele," akasema taratibu, kama anasoma barua ya mtu mwingine. "Akasema piga. Akasema wenyewe wamekuleta, mdogo wako kakukabidhi kwangu na jogoo, ukoo mzima unajua. Nikafikiri labda mnajua."



Jumapili, 4 Mei

Nimekwenda kwa Nasieku, boma lao lile upande wa tambarare, mbele ya Telele mwenyewe. Kwanza nikasema, "Shikamoo, mama." Akakaa kidogo kabla hajaitikia, haki yake. "Marahaba." Nikamwomba radhi ya shuka. Akasema shuka linafuliwa.

Telele alikuwa kaegemea fimbo, kasikiliza yote. Akasema, "Mimi nilitaka alipe ng'ombe. Sikusema wamfanye hivi." Nikaona ni kweli. Miezi yote hii nilikuwa nawaza wao ndio waliohonga mtu amtese. Nilikuwa namlinda dada upande ambao mwizi hayupo.

Nasieku yuko tayari kusema. Siku kumi na nne, kasema. Siku kumi na nne waliingia wawili akatoka mmoja. Hajui kuandika lakini siku zile anazo kichwani, na mvua ya kila siku, na maziwa aliyouza.

Alhamisi, 8 Mei

Nilikwenda polisi, dawati la jinsia. Yupo koplo anaitwa Debora, mfupi, anaongea polepole mpaka unatamani kummalizia. Kaandika yote, hata Mikumi. Nilipofika Mikumi kalamu ikasimama, kanitazama, ikaendelea. Jana yake alishakwenda wodini, hospitali ndio waliomwita. Dada kamwambia hajui chochote, alikula kitu kibaya.

"Kwa nini anamficha?" nikauliza.

"Hamfichi yeye. Anajificha mwenyewe. Leo jioni anarudi Lukwambe. Amebakiza karibu miezi minane."

Akasema gerezani wamemwonyesha daftari la maji: kila siku wametoka wawili, wamerudi wawili, sahihi ya afande wa kike. Sajini anasema dawa aliingiziwa na ndugu kwenye chakula. Ndugu ndiye mimi. Na kweli dawa niliileta mimi, ila si kwenye ugali.

"Akinipa maelezo," Debora akasema, "siku hiyo hiyo naomba ahamishwe. Bila yeye nina mama muuza maziwa na kijana wa bodaboda."

Nilimwona dada dakika mbili kabla gari halijamchukua. Nikamwambia sema. Akasema, "Nikisema mchana, usiku nalala wapi, Gudi?"

Jumapili, 11 Mei

Hakutoka kuonana.

Jumatano, 14 Mei

Mvua imepungua. Mahindi yanakauka majani. Sisemi na mtu kijiweni, wanadhani nimeokoka.

Jumamosi, 17 Mei

Leo saa nne tumeletewa posa.

Sitanii. Kaja mzee mmoja anaitwa Melkizedek, askari magereza mstaafu, koti kubwa juu ya jasho, bahasha kaifunga kwenye leso nyeupe, kaiweka juu ya sahani kama inavyotakiwa. Bibi, maskini, kwa mazoea akamkaribisha kiti na maji. Mzee akasema katumwa na kijana wake Onesphory, ameona jambo limetokea, si la kupelekana huku na huku, yeye ni mwanaume, atamwoa Happiness akitoka, na leo anatanguliza heshima. Jibu anataka baada ya siku tatu. Haraka hiyo posa gani?

Mimi ndiye mwanaume wa nyumba. Barua nikaifungua mimi. Nilitaka kuichana. Nikasema niisome kwanza nijue ninachochana.

Imeandikwa kwa peni ya bluu, mistari imenyooka. Yeye Sajini Onesphory anaomba kumchumbia binti yetu Happiness, ambaye walijuana na kuwa na mahusiano tangu tarehe 12 Machi mwaka huu, nyumbani kwake, kota namba nane. Hali iliyompata binti anakiri inamhusu yeye. Anaomba mambo yabaki ndani ya familia. Sahihi. Jina. Namba ya kazi.

"Imekaa vizuri eeh?" mzee akasema, kajinyoosha. "Ya kwanza ilikuwa ovyo. Nikamwambia, kijana, watu wa Rudewa ninawajua, barua isiyosema mmejuana lini na wapi wanairudisha na mshenga wake. Nikamkalisha akaandika upya."

"Umefanya vyema sana, mzee wangu," nikasema. Sauti yangu ilitoka tamu mpaka Bibi akanigeukia.

Alipoondoka Bibi akalia. Yeye anataka tukubali. "Mtoto yuko mikononi mwao, mume wangu. Tukikubali watamtunza. Tukikataa?" Ananiita mume wangu tangu nizaliwe, kwa utani wa bibi na mjukuu. Leo haukuwa utani, alikuwa anamuuliza mwanaume wa nyumba. Nilitaka niipeleke barua kwa Debora moto moto. Halafu nikawaza: mara ya kwanza nilimkabidhi dada kwa mtu bila kumuuliza mwenyewe. Sifanyi mara ya pili.

"Posa anajibu anayeposwa," nikamwambia Bibi. "Kesho siku ya kuonana."

Nimeipiga picha kwa simu mara sita, pande zote. Halafu nimemtumia Debora moja na kumwandikia: usifanye kitu mpaka nikupigie.

Jumapili, 18 Mei

Nilijua Tumwagile atanipekua. Nilipaki chuma nje ya geti, ufunguo kwenye swichi.

Ile barua kaikuta mara moja. Kafungua. Kasoma amesimama. Akasoma tena, safari hii kashika meza.

"Umeisoma?"

"Nimeisoma, na picha zipo sehemu nyingine." Nilikuwa tayari kumnyang'anya.

"Mwandiko wake," akasema. "Sahihi yake." Akaenda mlangoni, akatazama huku na huku, akaufunga. "Karatasi hairuhusiwi kupita wavuni. Nitamsomea mimi."

Dada alikuja kwa sababu aliambiwa Bibi anaumwa. Akakaa. Tumwagile akamsomea yote, sauti ya chini, bila kuruka neno. Mimi nilitazama mikono ya dada. Ilikuwa katikati ya magoti kama siku ile, halafu ikatoka, ikakaa juu ya meza.

"Soma tena penye tarehe."

Akasoma tena.

"Kaandika mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Anasema mahusiano." Dada kalitamka kama jina la ugonjwa. "Afande, tarehe kumi na mbili, kwenye daftari lako la maji uliandika nini?"

Tumwagile hakuwa na mahali pa kutazama. Kalenda haipo.

"Wametoka wawili, wamerudi wawili."

"Tulirudi wawili?"

"Alirudi mwenzako. Wewe ulirudi saa kumi."

"Na ulitia sahihi."

"Aliniambia nitie. Ndiye mkuu wa zamu." Akaikunja ile barua. "Nina watoto watatu, Happiness. Ninyamaze kwa ajili yao, ndivyo nilivyojiambia. Siku ulipotoka damu nikaona na mimi nimo."

Sikumwonea huruma. Hata sasa sijui kama namwonea. Dada ndiye aliyemsemesha kama mtu anayepanga kazi: "Nikitoa maelezo leo, nalala wapi?"

"Chumba cha walinzi wa kike. Ufunguo nitalala nao mimi, shingoni, mpaka gari la kukuhamisha lifike. Na maelezo yangu natoa nyuma ya yako."

Dada akafikiri. Nje kulikuwa na mtu anapiga mluzi, ukapita, ukaenda zake.

"Gudi, mpigie huyo koplo. Aje sasa hivi, Jumapili hii hii."

Nikasema kuna jambo moja kwanza. Nikamwambia Mikumi. Nimemwambia yote, duka, kijana wa miwani, kucheka. Sikuweka pambo. Alinisikiliza hadi mwisho, uso hausogei, nikatamani wavu usingekuwepo anizabe kofi tuyamalize.

"Ulijua?"

"Sikujua. Lakini nilianza kushuku, na nilikwenda."

"Kwa nini?"

"Walisema siwezi."

Kisha akasema, "Hilo utalisema mahakamani, mbele yake, hivyo hivyo. Nikisikia umejitetea hata kidogo sitakuita ndugu yangu." Akainuka. "Sasa piga simu."

Jumatatu, 19 Mei

Maelezo yamechukuliwa jana mpaka jioni: ya dada, ya Tumwagile. Leo ya Nasieku, kaja kwa miguu na Telele nyuma yake. Yangu nimeyatia sahihi kurasa tano. Dada kahamishwa alfajiri kwenda Morogoro, tumeambiwa kafika. Sajini yuko kazini, hajaambiwa kitu. Debora anasema bado mtu mmoja tu.

Jumanne, 20 Mei

Mzee Melkizedek kaja kuchukua jibu. Koti lile lile, leso mpya. Kapiga hodi, Bibi akamkaribisha ndani, safari hii bila maji. Kamkuta Debora kakaa kwenye mkeka na faili mapajani, na askari wawili uani wanachekana na kuku wetu. Simu ya Debora ilikuwa imetoka kulia: Sajini wamemchukua pale pale kwenye gwaride la asubuhi.

Mzee akasimama katikati ya nyumba, kofia mkononi.

"Nimefuata jibu la barua," akasema, sauti imeshapungua.

"Keti, mzee wangu," Debora akamwambia polepole, kama kawaida yake, akifungua ukurasa mpya. "Tuanze na jina lako kamili. Kisha utueleze ile barua ya kwanza, kabla hujaisahihisha, ilikuwa inasemaje."